Jenereta, Sola na Betri Kwenye Tela Moja: Jibu kwa Muuguzi wa Makete

SWALI: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni muuguzi, naratibu huduma za mkoba katika vijiji vya Makete. Timu yetu hupiga kambi siku tatu tatu, jumla kama siku kumi kwa mwezi. Umeme wetu ni jenereta ya dizeli ya kVA 7 iliyofungwa kwenye tela. Tunaiwasha saa 2 asubuhi na kuizima saa 2 usiku, na kwa siku inakunywa lita 12. Usiku tunabaki gizani na friji inazimika. Tumepata fedha kidogo ya kuongeza sola. Fundi mmoja anasema paneli ziunganishwe moja kwa moja na jenereta zifanye kazi kwa pamoja. Mwingine anasema tuuze jenereta tubaki na sola peke yake. Tumsikilize nani, na tununue paneli ngapi? Orodha ya vifaa vyetu nimeiambatanisha."

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwa heshima zote kwa mafundi wako wawili, ushauri wangu ni kwamba usimfuate hata mmoja wao, kwa sababu wote wamezungumzia jenereta na paneli na hakuna aliyetaja betri, ambayo ndiyo itakayoamua kama mtambo huu utawafaa au utawasumbua. Paneli hutoa umeme jua linapotaka. Jenereta hutoa umeme mnapotaka ninyi, lakini kwa gharama. Na mahitaji yenu ni ya kidogo kidogo, mchana na usiku. Betri ndiyo inayoweza kupokea kutoka pande zote mbili na kugawa taratibu. Mkishaiweka betri katikati, kazi ya jenereta inabadilika kabisa: haiendeshi tena taa na kompyuta mpakato tangu asubuhi hadi usiku, bali huwashwa saa moja au mbili, hubebeshwa mzigo wa kutosha, hujaza betri, kisha huzimwa watu wakalala kwa utulivu.

Tuanze na hizo lita 12, maana humo ndimo tatizo lilimojificha. Orodha yako nimeipigia hesabu kwa uniti, zile zile za LUKU, ambapo uniti 1 ni kifaa cha wati 1,000 kikiwaka kwa saa 1. Friji ndogo ya dawa na vitendanishi, ikiachwa iwake usiku na mchana, itakula kama uniti 0.8 kwa siku. Mashine ya ultrasaundi ya kubebeka, wati 80 kwa saa 6, ni kama 0.5. Kompyuta mpakato tatu ni 0.9. Mashine ya oksijeni, wati 350 kwa saa 2, ni 0.7, na taa kumi za LED za wati 10 kwa saa 5 ni 0.5. Hadubini, mashine ya kuzungushia sampuli za damu, printa, chaji za simu na kipaza sauti nimevipa 0.7 kwa pamoja. Hadi hapo tuna uniti 4.1. Kinachobaki ni otoklevu yenu ya wati 1,800, ambayo kwa saa moja ya kutakasa vyombo inakula uniti 1.8. Birika la chai la wati 2,000 nimelifuta kwenye orodha bila kukuomba ruhusa. Chai ichemshwe kwa mtungi wa gesi, kwa sababu kununua paneli na betri ili kuchemsha maji ni kutumia fedha ya wagonjwa kwa kitu ambacho gesi inakifanya vizuri zaidi.

Kwa hiyo mahitaji yote ya siku hayafiki uniti 6, na ninyi mnachoma lita 12. Hiyo ni nusu uniti kwa lita, au pungufu, ukizingatia kwamba friji kwa sasa inazimwa usiku. Jenereta ya ukubwa huo ikibebeshwa mzigo unaoistahili inaweza kutoa uniti 2 na zaidi kwa lita. Sababu ya tofauti hiyo ni kwamba, ili kutoa umeme wa hezi 50 (yaani unaopiga mawimbi 50 kwa sekunde), injini ndogo ya aina hiyo inalazimika kuzunguka mara 3,000 kwa dakika, iwe imebeba otoklevu au imebeba taa moja. Mafuta mengi yanaishia kuizungusha injini yenyewe. Ni kama kuwasha Fuso kutoka Tandala hadi Njombe kwa ajili ya kupeleka debe moja la viazi: gari litafika, lakini hakuna mfanyabiashara atakayekubali hesabu hiyo.

Tena hasara haiishii kwenye mafuta. Injini ya dizeli inayoendeshwa kwa muda mrefu chini ya kama asilimia 30 ya uwezo wake haipati joto la kutosha kuunguza mafuta yote, na yale yasiyoungua yanachanganyika na masizi na kuganda kwenye nozeli, kwenye vali na ndani ya bomba la moshi. Kesho asubuhi, kabla hamjaiwasha, ikiwa imepoa kabisa, chukua kitambaa cheupe ukipitishe ndani ya mdomo wa bomba la moshi. Kikitoka na vumbi jeusi kavu, msiwe na wasiwasi. Kikitoka na ute mweusi unaoteleza kama grisi, basi ugonjwa umeshaanza, na dawa yake ya kwanza ni kuibebesha injini mzigo mzito kwa saa moja au mbili hadi ute huo uungue. Bahati nzuri ni kwamba mpango ninaokueleza hapa utaipa dawa hiyo kila siku.

Kabla sijafika kwenye paneli, kuna jambo la milima yenu ambalo watu wa Dar es Salaam wanaouza jenereta mara nyingi hawalitaji. kVA 7 iliyoandikwa kwenye kibati ni kVA 7 kwenye hewa nzito ya pwani. Kwa mashine kama yenu hiyo ni takribani kilowati 5.6. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko, kwa sababu hewa ni nyepesi na oksijeni inayoingia kwenye silinda ni kidogo. Makete mnafanya kazi juu ya mita 2,000, na mkipanda kuelekea Kitulo mnavuka mita 2,500. Hivyo jenereta yenu, ikiwa kambini, ichukulie kuwa ni ya kilowati 4.5 hivi, na mzigo wa kuipa kwa raha ni kilowati 3 hadi 3.5. Ikizidishiwa hapo utaona moshi mweusi unatoka, na huo ni mafuta yaliyokosa hewa ya kuungulia.

Sasa hoja ya fundi wa kwanza. Kuunganisha paneli na jenereta moja kwa moja kunawezekana, na kwenye migodi na viwanda hufanyika, lakini huko huwa na mtambo wa kudhibiti unaohakikisha kwamba jenereta haibaki na mzigo mdogo kupita kiasi, na kwamba umeme wa jua unapunguzwa papo hapo matumizi yanaposhuka. Kwenye tela la kVA 7 hamna kitu kama hicho. Chukua mfano wa saa 6 mchana jua likiwa kali: paneli zinatoa wati 1,000 na ninyi mnatumia 600. Zile 400 za ziada zitatafuta pa kwenda, na njia iliyo wazi ni kurudi kwenye jenereta, ambayo haikutengenezwa kupokea umeme. Volti na mzunguko vitapanda, na kifaa cha kwanza kuumia hakitakuwa jenereta; kitakuwa mashine yenu ya ultrasaundi. Hata pale ambapo hakuna kinachoungua, jenereta itakuwa bado inanguruma mchana kutwa ikiwa na mzigo mdogo kuliko ule wa mwanzo, na mafuta mtakayookoa ni machache sana.

Fundi wa pili ana nia njema, na kama mngekuwa mnafanya kambi Agosti na Septemba tu ningemuunga mkono nusu. Lakini Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, na mnaujua vizuri kuliko mimi: ukungu unaweza kukaa bondeni hadi saa 4 asubuhi, jua likachungulia kidogo, na kufikia saa 8 mchana ngurumo zimeanza. Siku tatu za namna hiyo mfululizo zingewalazimu kubeba paneli na betri mara mbili au tatu ya mahitaji ya kiangazi, vitu ambavyo miezi mingine yote vingekuwa uzito wa bure kwenye tela. Dumu moja la lita 20 linafanya kazi hiyo kwa gharama ndogo zaidi. Jenereta msiiuze.

Paneli: nunueni tatu za wati 400. Hiyo ni kilowati 1.2, na kila moja ina uzito wa kilo 21 au 22, kiasi ambacho watu wawili wanaipakia na kuipakua bila kuumia migongo. Kiangazi, kwa wastani wa saa 5 za jua kamili na baada ya kutoa robo kwa ajili ya vumbi, joto na upotevu wa kwenye nyaya, zitawapa kama uniti 4.5 kwa siku. Siku mbaya ya Februari, yenye saa 2 tu za jua la maana, tegemea 1.8. Mkipata fedha nyingine mwakani, ongezeni tatu nyingine za aina ile ile.

Nimesema tatu, na fundi atakuuliza kwa nini zisiwe nne. Hapa naomba msome naye polepole. Paneli ya wati 400 ya kawaida, ikiwa haijabebeshwa mzigo, hutoa kama volti 37. Nne zikifuatana, yaani zikiunganishwa kwa mstari mmoja ili volti zake zijumlike, ni volti 148, na chaji kontrola nyingi zilizopo madukani (kile kifaa kinachopokea umeme wa paneli na kuupeleka kwenye betri) zina kikomo cha volti 150, kwa hiyo kwenye karatasi inaonekana imetosha. Lakini namba hiyo ya 37 imepimwa paneli ikiwa na nyuzi joto 25. Paneli ikipoa, volti zake hupanda, kama asilimia 3 kwa kila nyuzi 10. Asubuhi ya Julai yenye sakitu, paneli iko karibu na sifuri, jua linachomoza ghafla juu ya mlima likiwa safi, na volti 148 zinakuwa 158. Kosa hilo nililifanya mwenyewe miaka iliyopita, kwenye kazi moja upande wa Njombe. Mtambo ulifungwa jioni, ukafanya kazi vizuri, tukashangilia na kula. Kesho yake saa 1 asubuhi tukasikia mlio mdogo kama wa njugu inayopasuka kwenye sufuria, kisha harufu. Kontrola ilikuwa imekufa kabla hata chai haijaiva, na dhamana haikulipa, kwa sababu mtengenezaji alikuwa ameandika kikomo chake waziwazi.

Paneli mbili nazo ni chache kwa betri ya volti 48, kwa sababu mchana wa joto volti zake zikiwa kazini hushuka hadi 54 au 55, ilhali betri inahitaji karibu 57 ili ijae. Tatu zikifuatana hutoa 111 zikiwa hazina mzigo, hazizidi 120 hata kwenye baridi kali, na hubaki juu ya 80 kwenye joto. Kwa hiyo tatu, au sita katika mafungu mawili ya tatu tatu.

Kwa kuwa paneli zenu zinahama, mna faida ambayo mwenye paneli za bati la nyumba hana: mnaweza kuzigeuza. Makete iko takribani nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Juni jua la saa 6 mchana liko upande wa kaskazini, na paneli inapaswa kuinuliwa kama nyuzi 30 kuelekea huko. Desemba jua linapita upande wa kusini wa utosi, na paneli iliyoelekezwa kaskazini kwa mazoea inapoteza. Ilazeni karibu iwe bapa, ikiinamia kusini kidogo. Tena wakati wa mvua, kwa kuwa mawingu mazito huja alasiri, mimi ningeigeuza kidogo kuelekea mashariki ili ivune asubuhi yote. Hakikisheni pia hakuna kivuli. Kamba ya hema au tawi la msindano likitupa kivuli kwenye paneli moja kati ya tatu zilizofuatana, zote tatu zinaathirika. Na zifungeni kwa kamba na vigingi ardhini, maana upepo wa kule juu hauulizi bei ya paneli.

Tuje kwenye betri. Chukueni moja ya lithiamu ya aina ya chuma-fosfeti, volti 51.2 na amperi-saa 100, ambayo inahifadhi uniti 5 na ushei; mkitumia asilimia 80 tu, mna uniti 4.1 za uhakika. Kuanzia jua linapozama hadi saa 2 asubuhi, friji, taa, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama ule wa ukutani) na mashine ya oksijeni kwa pamoja hazitazidi uniti 3, kwa hiyo mtaamka mkiwa na akiba. Najua betri za asidi ni rahisi dukani. Lakini ili kupata kiasi hicho hicho cha matumizi mngehitaji nne za amperi-saa 200, kwa sababu zile hazipaswi kushushwa chini ya nusu, na uzito wake ungevuka kilo 200, wakati hii moja ina kilo 50 hivi. Kwa barabara za Makete, ambako tela linaruka zaidi ya linavyotembea, sahani za ndani ya betri ya asidi hulegea na kuangusha unga wake mapema. Kuna jambo jingine linalowahusu moja kwa moja: betri ya asidi hupokea chaji haraka mwanzoni tu, kisha sehemu ya mwisho huivuta kwa saa nyingi, na jenereta ingelazimika kuendelea kuwaka ikiwa na mzigo mdogo, yaani tungekuwa tumerudi tulikotoka. Lithiamu hupokea kwa nguvu karibu hadi mwisho.

Lithiamu ina udhaifu wake, na kwenu ni udhaifu wa kweli. Haipaswi kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi joto sifuri. Betri nzuri ina kinga ya ndani inayokataa kupokea chaji hadi ipate joto. Asubuhi ya Juni mtaona jua linawaka, paneli zina volti, na betri haipokei kitu. Watu wengi hudhani imekufa na kuanza kufungua nati. Msifungue. Itengenezeeni sanduku la mbao lenye godoro la sponji au blanketi kuukuu pande zote, liwe ndani ya tela au ndani ya hema mnalolala, na kwa kawaida haitafikia baridi hiyo kabisa.

Inveta iwe ya wati 3,000, volti 48, yenye wimbi safi, kwa kuwa zile za bei ya chini zenye wimbi la ngazi huifanya mota ya friji ipate joto na picha ya ultrasaundi ijae mikwaruzo. Iwe ile yenye chaja ndani yake na sehemu ya kuingizia umeme wa jenereta. Ikiwa imekaa bure inakula wati 30 hadi 50 yenyewe, karibu uniti 1 kwa siku nzima, nami sehemu yake ya usiku nimeihesabu pale kwenye betri. Kwa nini volti 48 na si 12 kama mtambo wa sola wa nyumbani? Kwa sababu wati 3,000 kwenye volti 12 ni amperi 250, na kebo ya kubeba hizo inakaribia unene wa kidole gumba na bei yake inatisha. Kwenye volti 48 ni kama amperi 63, na kebo ya milimita za mraba 25 pamoja na fyuzi ya amperi 100 iliyofungwa karibu kabisa na betri vinatosha.

Mahali ambapo mitambo mingi ya namna hii inakwama ni pale inveta inapokutana na jenereta kwa mara ya kwanza. Inveta inatoka kiwandani ikiwa imepangwa kutarajia umeme mtulivu wa TANESCO. Jenereta ndogo isiyo na mzigo huzunguka kwa hezi 52 hivi, ikibebeshwa hushuka hadi 50 au 49, na volti zake huyumba. Inveta ikiona hivyo inaikataa: utasikia "tak", imepokea, baada ya sekunde chache "tak", imeachia, na mchezo huo utaendelea hadi mtu aape kwamba vifaa viwili haviendani. Ingieni kwenye mipangilio ya inveta, mchague upokeaji mpana wa volti na hezi, ule unaoelezwa kwenye kitabu chake kuwa ni wa jenereta. Kisha wekeni kikomo cha umeme wa kuingia kuwa amperi 15. Hiyo ni kama kilowati 3.4, mzigo tuliokubaliana. Inveta yenye kikomo hicho inafanya jambo zuri sana: otoklevu ikiwaka na kuchukua wati 1,800, chaja inajipunguza yenyewe hadi 1,600, otoklevu ikizimika, chaja inapanda tena. Kikomo cha chaja chenyewe kiwe amperi 45 ili betri isilazimishwe. Mkikuta inveta haina kikomo cha umeme wa kuingia, mimi nisingeinunua hata ingekuwa nusu bei.

Wakati wa kuwasha jenereta uwe jioni, kuanzia saa 11 hivi, baada ya jua kufanya kazi yake na wagonjwa wa mwisho kuhudumiwa, wakati vyombo vya siku hiyo viko tayari kutakaswa. Mkiiwasha asubuhi mkajaza betri, jua litakuja likute hakuna nafasi. Siku ya kiangazi saa 1 ya otoklevu inatosha, na mtachoma kama lita 1 na nusu. Siku ya mvua iwake kwa muda wa saa 2, kama lita 3. Kwa kambi za siku 10 kwa mwezi hiyo ni lita 15 hadi 30 badala ya 120. Zidisha tofauti hiyo kwa bei kikomo ya dizeli ambayo EWURA huitangaza kila mwezi kwa wilaya yenu, na utakuwa na namba ya kumpelekea mhasibu. Ongeza na oili: injini inayotakiwa kubadilishwa oili kila saa 100 sasa inafika hapo kwa siku 8 za kambi, na itachukua siku 50 au zaidi.

Usalama hauhitaji maneno mengi, ila usirukwe. Jenereta isiingizwe kwenye hema, barazani wala kwenye chumba chenye dirisha wazi, hata kukiwa na baridi kali au hofu ya wezi. Kaboni monoksaidi ya kwenye moshi wake haina harufu wala rangi, na aliyelala haamki. Mkipiga kambi kwenye zahanati yenye umeme wa TANESCO uliokatika, kamwe msiingize umeme wenu kwenye soketi ya ukutani kwa ile kebo yenye plagi za kiume pande zote mbili. Umeme huo hutoka hadi kwenye nguzo, hupandishwa na transfoma, na hukutana na fundi aliyepanda akijua laini imekufa. Fungeni swichi ya chenjiova, ile inayoruhusu chanzo kimoja tu cha umeme kwa wakati mmoja, au mtumie ekstensheni zenu wenyewe. Chuma cha ethi kichomekwe ardhini penye unyevu kila mnapofika, kabla ya kuwasha chochote, na kwenye sanduku la soketi iwepo breka inayokata umeme unapovuja. Na kwa kuwa hakuna mtambo usioharibika, makasha ya baridi ya chanjo yaendelee kubebwa na pakiti zake za barafu, na mtungi mmoja wa oksijeni ubaki kwenye gari.

Dukani nendeni na futi ya kupimia na mizani. Paneli halisi ya siku hizi hutoa kama wati 200 hadi 220 kwa mita ya mraba, hivyo ya wati 400 lazima iwe na urefu wa karibu mita 1.7 na upana wa mita 1.1. Iliyoandikwa 400 huku ikienea kwapani ni uongo uliobandikwa lebo. Betri ya lithiamu ya uniti 5 yenye uzito wa kilo 25 nayo irudishwe kwenye rafu. Ufungaji wa ndani ya sanduku ufanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mara moja, vizuri. Baada ya hapo kazi ya kila siku ataiweza dereva wenu, mradi mumpe daftari la kuandika kila jioni mambo matatu: betri ilikuwa asilimia ngapi kabla ya kuwasha jenereta, jenereta imewaka dakika ngapi, na lita ngapi zimeongezwa. Kabla ya kupanda nalo milimani, liwekeni tela uani kwenu siku mbili na usiku wake, mkiwasha kila kifaa kilichomo kwenye orodha, otoklevu pia. Namba za daftari hilo la siku mbili zikitofautiana sana na zangu, niandikie tena ukiwa nazo, tutajua ni kifaa gani kinakula kuliko kilivyoandikwa.